Karatasi ya Vitumbua

Kila asubuhi Saumu hufungua vitumbua vya baba yake, akavipanga sahanini, kisha akaitupa karatasi. Leo mkono uligoma. Muuzaji alikuwa amevifunga kwa ukurasa uliochanwa kwenye riwaya kuukuu ya Kifaransa, na juu yake palikuwa na jina la mwandishi mwanamke ambaye hata chuoni, miaka yote aliyojifunza lugha hiyo, Saumu hakuwahi kutajiwa.

Alisoma polepole, mafuta yakimlowesha vidole. Katika ukurasa huo, msichana aliulizwa na wakubwa zake kama anamkubali mchumba. Alitazama chini. Wao wakashangilia, naye akabaki akijiuliza ni nani aliyejibu.

"We Saumu, siku hizi unasoma hata vitumbua?" Shangazi Mwanahawa alicheka huku akijitanda kanga. "Biarusi mzima! Hebu nipe kimoja nile njiani, wenye posa wanasubiri jibu letu."

"Waambie tumeridhia," baba alisema. "Jana si ulimwona mwenyewe? Kainama, kanyamaza. Binti mwenye adabu."

"Nimwone mara ngapi? Nilipiga vigelegele mpaka koo likakauka!"

Shangazi alivaa viatu, akashika komeo la mlango.

"Shangazi, ngoja kwanza." Sauti ilimtoka Saumu ndogo mno, karibu imezwe na kelele za mtaani. Akavuta pumzi, akaanza upya, safari hii akimtazama baba yake usoni.

"Baba, jana sikukubali. Niliogopa, ndiyo maana nikanyamaza. Simtaki."