Kabla ya Kulala

Nyapara wa reli alichoka kumkuta Matonya akisinzia juu ya sururu, ndiyo maana akampeleka kwenye kibanda cha daktari Mdachi akatazamwe. Mlangoni alikaa askari, akingoja kufungwa kidonda cha mguu.

"Hulali tangu lini?" aliuliza msaidizi wa daktari.

"Tangu mwezi uliopita, bwana."

Ndio mwezi ambao askari waliswaga ng'ombe na mbuzi wote wa kijiji kwenda kulisha jeshi. Wote, isipokuwa ng'ombe mmoja mwekundu. Kila usiku Matonya alikesha naye katika chumba cha ndani, amembana mdomo asije akalia.

"Una mawazo?"

"Sina."

Msaidizi alikishika kiganja chake, akakigeuza. Kilikuwa kimechubuka chote. Matonya akakikunja upesi.

"Ni sururu," alisema.

"Haya. Na kabla ya kulala unakunywa nini?"

Hilo lilikuwa swali jepesi. Matonya akashusha pumzi.

"Maziwa tu, bwana."

Kalamu ya msaidizi ilisimama. Mlangoni, askari aliacha kufukuza nzi kidondani, akauliza:

"Ya ng'ombe gani?"