Nyota Butu

Nilifumua tena ile nyota kwa wembe, na safari hii vipande vya buluu vikachanika mkononi. Kila nilipounganisha pembetatu, mshono ulimeza ncha. Nyota ilitoka butu kama kucha zilizokatwa.

Blanketi hili la viraka ni la mjukuu wetu wa kwanza. Wifi yangu, ambaye uzi uliolegea huuona tangu mlangoni, anakuja kesho kulichukua.

"Ni macho tu, mama watoto," mume wangu alisema kutoka kwenye kochi. "Uzee haupigi hodi."

"Macho yangu yameingiaje hapa? Nafuata ukingo wa mguu wa cherehani, huu unaobana kitambaa. Miaka yote naufuata, na ncha zinakaa."

"Basi na mguu wenyewe ni mpya! Nilikubadilishia jana. Ule wa zamani ulishaota kutu."

Nikainama nikautazama. Ulikuwa mpana kuliko ule wangu, labda kwa unene wa punje ya mchele, na mshono ukaingia ndani kiasi hichohicho. Na mimi tangu asubuhi nayalaani macho yangu kimoyomoyo.

"Wa zamani uko wapi?"

"Nimeutupa. Wala usinishukuru."

Kitambaa cha buluu kilikuwa kimekwisha dukani na nyumbani. Kilichobaki duniani kilikuwa mgongoni mwake: shati nililomshonea kutoka jora lilelile, shati analolipenda kuliko ndugu zake.

Nikachukua mkasi.

"Baba watoto," nikamwita kwa upole, "hebu vua shati."