Chura Achagua Mada ya Maji

Mwalimu Kanga aliwaambia wanafunzi wa kidato cha mwisho kila mmoja achague mada moja ya sayansi aisome kwa kina. Chura alichagua maji. "Nimezaliwa bwawani, nisome nini tena?" alisema, akashinda mwaka mzima akiota jua. Fuko, ambaye maisha yake yote ni ya shimoni, alichagua mwanga, na darasa zima likaangua kicheko.

Mwaka huohuo magugu yalitanda juu ya bwawa, viluwiluwi wa Chura wakaanza kufa. Chura alipiga mbizi, akayaonja maji, akatoka bila jibu.

"Yang'oe hayo magugu," Fuko alimwambia. "Yamezuia mwanga. Mimea ya chini haitoi hewa tena, na wanao wanakosa pumzi."

"Wewe hata kuogelea hujui!"

"Sijui. Hata mwanga nilikuwa siujui, nikausoma."

Chura aliyang'oa. Viluwiluwi waliobaki wakapona.

Shule ilipofunguliwa, Chura alirudi darasani akaomba kurudia mwaka.

"Safari hii unataka mada gani?" aliuliza Mwalimu Kanga.

"Maji, Mwalimu."