Kombe la Lori

Jumatatu, saa nne asubuhi, jua lilikuwa kali baada ya mvua. Lori la mtumba lilikuwa limegoma kuwaka. Fundi Uweso aliichomoa kompyuta ya injini chini ya kiti cha dereva, akaifungua. Ndani mlikuwa na doa la manjano, na pini zake zimeota kutu ya kijani. Akainusa. Ilinukia marashi.

Nyuma yake alisimama mwenye lori, Bi Asmahani, na chupa ya kombe: maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani na marashi.

"Mara ya kwanza ulinyunyiza wapi, bi mkubwa?"

"Humo humo kitini, baba. Husuda isimpate mwanangu."

Kompyuta nyingine ya kuibadilisha ilipatikana moja tu, hiyo iliyokuwa mkononi mwake. Ikifa nayo, lori lingeuzwa chuma chakavu. Uweso aliikumbatia, akaziba mlango wa lori kwa mgongo wake.

"Humu haliingii tena hata tone."

"Unayakataa maneno ya Mungu?"

"Hasha! Kombe si hunywewa? Mwanao yule pale, mpe."

Bi Asmahani alimkazia macho, kisha akamwita mwanawe, dereva wa lori.

Uweso aliifunga ile kompyuta nyingine mahali pake, akawasha injini. Dereva alikunywa chupa nzima. Bi Asmahani alilipangusa doa la zafarani kitini kwa upindo wa kanga yake.