Bangili za Ubia

Tangu wafungue tanuri lao la mikate ya mofa, Badi na rafiki yake Shekue walivaa bangili pacha, kama sheria ya ubia inavyotaka, nazo hazivuki mpaka wote wawili waridhie. Bangili humwonyesha mbia kila anachokishika mwenzake, naye asiporidhika husema "basi", na mkono wa mwenzake ukaganda pale pale. Shekue alilisema neno hilo kutwa, kwa hamira na kwa chumvi. Siku hizi alilisema hata mkono wa Badi ulipozielekea nywele za mkewe, Mwanaidi, eti mwokaji alale mapema.

Ijumaa Shekue alialikwa chakula cha mchana kwa Badi. Badi akanyoosha mkono kwenye pilipili.

"Basi," alisema Shekue. "Tumbo lako nalijua, swahibu. Nakupenda mimi."

Damu ilimchemka Badi. Miaka yote hakuwahi kulitamka neno lile, kwa heshima ya urafiki. Shekue alipoinua tonge la pilau, Badi akasema, "Basi."

Tonge likaganda mbele ya mdomo uliokwisha kuachama. Mwanaidi akaangua kicheko.

"Badi, acha utoto! Niachie!" alifoka Shekue.

"Sema umeridhia tuvue bangili. Pilau inapoa, swahibu."

Shekue alimkodolea macho, akatweta, mwishowe akanong'ona, "Nimeridhia."

Bangili zikafunguka, zikaanguka sahanini. Badi akaimwagia pilau yake pilipili, akala mpaka machozi yakamtoka, huku akicheka kama bwana harusi.

Jioni alizinyooshea mkono nywele za mkewe. Mkono ukasita hewani.

"Unamsubiri nani?" akauliza Mwanaidi.