Kifurushi cha Marehemu

"Futa hicho kifurushi cha programu," bosi akasema. "Kimezeeka, na aliyekiandika ameshafariki."

Dada anayesimamia seva, zile kompyuta kuu za hospitali, hakubishana. Aliandika amri kwenye kompyuta ya majaribio, ile inayoiga mifumo ya hospitali nzima. Kidole chake kilichofungwa plasta kikatulia juu ya kitufe, kisha kikabonyeza.

Kwenye skrini ya ukutani, maabara ikatoka kijani ikawa nyekundu. Ikafuata famasi, kisha friji za damu. Wodi ya wazazi ilipogeuka, bosi alikuwa ameshasimama.

"Zote hizo zinakitegemea?"

"Zote, bosi. Kila tulipofungua wodi mpya tulichukua hichohicho. Hakijawahi kutusumbua, ndiyo maana tukakisahau."

Jamani! Yule mzee aliyekiandika, sisi mafundi wenzake tulikuwa tunamcheka, alivyokagua kila mstari wa programu kama anayetoa mawe kwenye mchele!

Dada akakirudisha kwa amri moja tu. Kijani kikarudi, wodi baada ya wodi.

"Nani anakitunza sasa?" bosi akauliza.

"Hakuna."

Bosi akavuta kiti, akaomba kibodi. Kwenye orodha ya watunzaji wa kifurushi, chini ya jina la marehemu, akaandika lake.