Kichwa cha Msiba

Siku hizi hakuna mwenye upara. Ukilala na kofia ya mwanga, bila kisu wala sindano, asubuhi nywele zimejaa. Kwa hiyo kichwa kitupu kina maana moja tu: umefiwa.

Tulipomzika mwanetu Senzota, shangazi yake alitunyoa mimi na mume wangu, tukakubaliana kofia zikae kabatini hadi arobaini. Leo asubuhi nilimkuta mume wangu bafuni anachana nywele.

"Baba Senzota, umevaa kofia?"

"Mke wangu, nimechoka. Kila mtu kazini ananiuliza nani kafa."

"Si uwaambie! Au unamwonea aibu mwanao?"

"Nikisema nitalia mbele yao."

"Lia. Kwani machozi yanakatwa kwenye mshahara? Muda wote huu ulikuwa unawajibu nini?"

Akaweka kitana chini. "Kwamba kofia imeharibika."

Kumbe ofisini kwao mwanangu yu hai. Nikakumbuka mfuko wa biskuti aliorudi nao jana, nikamuuliza umetoka wapi.

"Kwa wenzangu," akasema, macho yakiwa kwenye kioo. "Walisema nimpelekee mtoto."